Mwaka wa Glavu Zisizo na Vidole

Mama alipofariki mwaka jana, kazi ya kusoma wasifu wake kanisani nilipewa mimi bila kikao, kwa sababu ni mwalimu mstaafu, na watu wa Kabuchai wanaamini mwalimu hatetemeki akishika karatasi. Nilisoma alizaliwa lini, akaolewa na nani, wajukuu wake ni akina nani. Halafu nikaiweka karatasi chini, nikasimulia lile ambalo nimekuwa nikilisimulia kwa zaidi ya miaka thelathini: mwaka tulioishi Kitale, mimi na yeye, na jinsi nilivyosema ukweli nikiwa na miaka kumi na tisa. Hadithi hiyo nimeitoa kanisani kama ushuhuda mara nyingi. Kule Myanga nilikofundisha, kila kalamu ilipopotea darasani, watoto walijua Mwalimu Nekesa ataanza na Kitale. Mama mwenyewe alikuwa akiisikiliza kwenye benchi la tatu, mikono kaifunika kwa leso, na nikimaliza alisema amina pamoja na wengine. Kwa hiyo siku ya kumzika niliona ni heshima kuirudia, na nikairudia vizuri, na watu wakalia panapostahili.

Habari za ukoo nitaziacha, zilishasomwa kanisani. Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina barua ya kuitwa chuo cha ualimu mwaka utakaofuata, na katikati sina la kufanya ila kumfuata Mama kazini. Alikuwa mkamuaji katika shamba la mjane mmoja, Mama Wanjiru, nje kidogo ya Kitale. Ng'ombe walikuwa kumi na wanne na wakamuaji wawili, Mama na Khocha Barasa. Kwetu khocha ni mjomba, lakini Barasa hakuwa ndugu wa Mama wa tumbo moja. Alikuwa mtu wa Bokoli aliyemkuta hapohapo shambani, wakaulizana ukoo, wakakuta ni mmoja, na hiyo ikatosha. Siku niliyofika alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akasema nimekonda, kisha akanituma maji kwa haki zote za mjomba. Sisi tulilala chumba cha mbao nyuma ya ghala la mahindi. Kilinuka magunia na dawa ya wadudu, na ukitaka kugeuza kiti ilibidi kwanza uinue sufuria. Mimi nilikipenda. Ndicho chumba cha kwanza nilichokaa na mama yangu peke yake bila mtu mwingine kumdai chochote.

Watu wa Bungoma tunadhani tunaijua baridi mpaka tulale Kitale mwezi wa saba. Wakamuaji waliingia bandani kabla ya jua, ukungu umelalia nyasi, na maji ya kuoshea viwele yaliyotoka yakichemka jikoni yalifika bandani yakiwa vuguvugu. Ni katika baridi hiyo ambapo vidole vya Mama vilianza kufa. Hilo ndilo neno alilolitumia. Vilikuwa vinageuka vyeupe kuanzia ncha mpaka pingili ya pili, kama vya mtu aliyeshinda akiosha mihogo, na havisikii kitu. Kisha damu ikirudi, vinawaka moto mpaka anauma upindo wa leso. Mama Wanjiru alikuwa mtu wa haki, lakini alikuwa na sheria moja ambayo sikuwahi kumwona akiilegeza: mkono mgonjwa haugusi kiwele. Mkono dhaifu unaacha maziwa ndani, kiwele kinavimba, ng'ombe anaharibika. Kabla yetu kulikuwa na mkamuaji aliyejikata kidole kwa panga, akaondoka wiki hiyohiyo. Na chumba kilikuwa cha kazi. Ukiacha kukamua unarudisha ufunguo. Mama alinieleza hayo mara moja tu, akichambua mboga ya mrenda, bila kuinua uso. Mkono ukijulikana, kazi imekwisha, chumba kimekwisha, na chuo changu nikisahau.

Kufuma nilifundishwa na Mama Wanjiru mwenyewe, na hapo ndipo panaponichoma hadi leo. Alasiri aliketi barazani na uzi wa sufu mapajani, akifumia wajukuu wake sweta, na aliponiona nikimtazama akaniita. Sindano zangu za kwanza zilikuwa spoku mbili za baiskeli ya Khocha, nilizozinoa ncha kwenye jiwe. Uzi niliupata kwa kufumua sweta yangu ya shule, rangi ya damu ya mzee. Niliifumua mstari kwa mstari, nikauosha uzi, nikautundika na jiwe ili ujinyooshe. Mama Wanjiru alinionyesha jinsi ya kuanza, jinsi ya kupokea mshono uliodondoka kabla haujakimbia mpaka chini, na jinsi ya kumaliza ukingo usivute. Alikuwa mwalimu mwenye maneno machache na jicho kali. Nilimwambia nataka kufuma glavu zisizo na vidole, za mimi na Mama, kwa ajili ya baridi. Akasema ni wazo jema, unafuma kipande cha mraba, unakishona ubavuni, unaacha upenyo wa dole gumba, basi. Sikusema uongo hata neno moja. Nilijifunza mapema kwamba mtu anaweza kuficha jambo kubwa bila kudanganya.

Nilifuma jozi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Mama, ndefu, kutoka mashina ya vidole hadi karibu na kiwiko, nikiipima kwenye mkono wake akiwa amekaa kitandani, yeye akinitania kwamba namshonea ng'ombe soksi. Ya pili ilikuwa yangu, fupi na ya kubana, isiyoingia mkono wa Mama. Ya tatu ilikuwa ya Khocha, kwa sababu mjomba hapitwi. Aliivaa, akaitazama, akaniambia, "Sasa mimi nikamue na soksi, mpwa wangu? Hizi ni za kanisa." Na kweli akazivaa kanisani tu, akiendesha baiskeli ile iliyopungua spoku mbili, amejaa fahari. Sweta ikaisha hapo. Ninalitaja kwa sababu uzi wa jozi ile yangu, ambayo sikuihitaji ila kwa kujionyesha, ungekuwa ndio uzi wa jozi ya pili ya Mama, ya kubadilisha.

Glavu zilisaidia. Kifundo na kiganja kikipata joto, damu ilifika vidoleni, na Mama akarudia kukamua kwa ile sauti yake ya haraka ambayo ukiwa nje ya banda ungedhani ni mvua kwenye bati. Mama alizivaa wakati Mama Wanjiru akiwa bado ndani ya nyumba, na akisikia mabuti ya mjane huyo kwenye changarawe alizivua akazisokomeza kifuani. Lakini Mama alikuwa mkamuaji wa kizamani, wa kulowesha vidole kwa maziwa ili chuchu iteleze. Maziwa yalitiririka kwenye kiganja, sufu ikanywa. Mara ya kwanza nilizifua, zikakaa siku tatu kwenye kamba bila kukauka, maana jua la mwezi huo lilikuwa la kuonyeshwa tu, na kwa siku tatu hizo vidole vilikufa vibaya kuliko mwanzo. Hatukuzifua tena. Tulizitundika kwenye waya juu ya jiko, zikakaukia huko, na asubuhi akazivaa zilivyo. Nilisikia harufu yake. Ilikuwa harufu ya mursik, maziwa ya kibuyuni, uliosahauliwa, na nilijiambia ni chumba.

Mkebe wa kwanza wa maziwa ulirudi siku ya Jumatatu. Gari la maziwa lilikuwa linakuja na mpimaji, anachota kidogo, anatia spiriti, anatikisa. Maziwa yakiganda vipande vipande, mkebe unabaki barabarani umefungwa kitambaa chekundu ili kila mpita njia ajue. Wakamuaji wote wawili walimimina kwenye mikebe ileile, kwa hiyo maziwa hayakusema yametoka mkono gani. Lakini kazi ya kuichemshia mikebe maji na kuisugua ilikuwa ya Khocha Barasa, na Khocha Jumapili alikuwa akipitia kwenye pombe ya busaa baada ya ibada, hata hakujificha. Mkebe wa pili uliporudi Jumatano, hakuna aliyehitaji kuuliza. Mama Wanjiru alimwita, akamwonyesha, akamwambia arudie kusugua. Khocha akasugua mpaka mikono ikababuka. Alhamisi ilirudi mikebe miwili, na mpimaji akasema ikirudi tena gari halitasimama kwa hilo shamba.

Alasiri hiyo nilikuwa barazani nikiendeleza sweta ya mjukuu wa Mama Wanjiru, yeye sebuleni na kaka yake aliyekuja kutoka mjini. Dirisha lilikuwa wazi. Walizungumza Kikuyu, na Kikuyu changu kilikuwa cha sokoni, lakini jina Barasa nililisikia, na Jumamosi nikaisikia, na baadaye kaka mtu akarudia kwa Kiswahili, nadhani ili mimi nisikie, kwamba samaki mmoja akioza wameoza wote. Nilidondosha mishono mitano na sikuiokota. Khocha aliambiwa jioni hiyohiyo. Angekamua mpaka Jumamosi, kisha aondoke, na kila mtu wa maziwa hapo Kitale angejua ameondoka kwa uchafu.

Ijumaa jioni alikuja kula kwetu kama kawaida yake. Mama alikuwa amepika ugali na mrenda, na kwa kuwa ni jioni ya mwisho ya Khocha alimtafutia pia mayai mawili. Tulikaa watatu kuzunguka jiko, magoti yakigusana. Glavu zilikuwa juu yetu kwenye waya, zikitoa mvuke. Khocha hakulalamika, hilo lingekuwa rahisi kuvumilia. Alieleza tu, polepole, jinsi anavyoichemsha mikebe, anaisugua na majivu, anaisuuza, anaipindua juani, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza njia, ni wapi alipokosea. Alisema haogopi kurudi Bokoli, anaogopa watoto watakachosikia. Nilimtazama Mama. Nilimtazama kwa macho ambayo mtoto hapaswi kumtazamia mzazi, nikingoja. Yeye alisukuma sahani ya mayai upande wa Khocha.

"Kula, ndugu yangu," akasema.

Hayo tu. Tukamaliza kula, Khocha akashukuru, akaenda. Mama akaosha vyombo kwa maji ya moto, akakawia kwa muda mrefu na mikono ndani ya karai, nami nikageukia ukuta. Nilimchukia. Nasema wazi kwa sababu umri wangu unaniruhusu: usiku huo nilimchukia mama yangu kwa usafi ambao ni wa watu wa miaka kumi na tisa peke yao. Nilikuwa nimeshika methali yangu, mficha uchi hazai, nikaigeuza na kuigeuza mpaka ikawa amri.

Nilipoamka, kitanda chake kilikuwa baridi. Alikuwa ametoka mapema kuliko kawaida, na glavu hazikuwa kwenye waya. Sikunawa uso. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa jikoni wa Mama Wanjiru, nikamkuta anamimina uji, nikamwambia yote nikiwa nimesimama: vidole, glavu, sufu isiyofuliwa inayochuruzika ndani ya ndoo, Khocha asiye na kosa. Aliweka chini upawa. Aliniuliza kama mama yangu anajua nimekuja. Nikasema hapana. Akavaa mabuti yake, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka, na safari hii alipita kwenye nyasi, si kwenye changarawe.

Mama alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe mweusi, paji la uso limeegemea ubavu wake. Khocha alikuwa upande wa pili na ndoo. Mama hakusikia mtu mpaka kivuli kilipomfikia.

"Mama Nekesa," Mama Wanjiru akasema, "vua hiyo kitu. Nipe mikono."

Mama aliinuka. Alivua glavu ya kulia, kisha ya kushoto, bila haraka, akazikunja pamoja kama mtu anayekunja nguo ya mtoto. Mama Wanjiru alizinusa, akazirudisha. Halafu akaishika mikono yenyewe, akaigeuza huku na huku. Vidole vilikuwa vyeupe mpaka pingili. Ng'ombe alikuwa anatikisa mkia na hakuna aliyemfukuza inzi.

"Kwa nini hukuniambia mkono inauma? Kuna ndama wa kulishwa, kuna kuku, kuna jikoni. Ningekupea kazi ingine. Lakini umenificha mpaka mtoto ndio anakuja kuniambia. Sasa mimi nitakuamini aje?"

Mama alinitazama, mara moja. Nilikuwa mlangoni. Nimelieleza jicho lile kwa namna nyingi tangu siku hiyo. Kanisani nilikuwa nikisema ni jicho la mtu aliyetua mzigo, na watu walilipenda hilo. Alimgeukia Mama Wanjiru akasema ni kweli, amekosa, na Barasa hana hatia. Akaomba amalizie ng'ombe. Hakuruhusiwa.

Khocha alibaki na kazi yake, akaifanya miaka mingi hadi uzee. Mama aliondoka Jumatatu kurudi Kabuchai. Mimi nilibaki. Mama Wanjiru alisema mtoto mwenye ukweli namna ile hawezi kurudishwa kulima, akaniweka nyumbani kwake nikimsaidia jikoni mpaka chuo kilipofunguliwa, na barua ya kunisifu kwa mkuu wa chuo aliiandika yeye. Kwa hiyo ukweli ulinilipa mimi, na wa kulipia akawa Mama. Miaka iliyofuata alipalilia mahindi ya watu kwa vidole vilevile. Hakuwahi kunilaumu, hata kwa mafumbo, na Mungu anajua kwetu mafumbo hayakosekani. Nilikuwa nimelichukua hilo kuwa ni toba. Nilikuwa na huruma naye, huruma ya mtu aliye juu, na nilimfumia glavu nyingine kila mwaka, jozi mbili mbili, nikijiona mwema.

Siku ya tatu baada ya kumzika Mama tulikaa kikao. Kwetu siku hiyo watu wa nyumba hunyolewa nywele, halafu ukoo huketi, na mzee anayeongoza huuliza kama yuko mwenye neno na marehemu. Mwenye neno hulisema hapo hapo. Akinyamaza, amelizika pamoja naye. Wawili watatu walisema mambo madogo ya mipaka na majembe. Kisha Khocha Barasa akainuka kwa fimbo. Alikuwa ametoka Bokoli alfajiri, mjukuu wake amemleta kwa pikipiki, na mimi nilifurahi kumwona kwa sababu yeye ndiye niliyemwokoa.

"Hii hadithi mwalimu alisema kanisani ni ya kweli," akaanza, "lakini haijaisha. Hiyo asubuhi mimi nilipata dada yangu kwa banda, amefika mbele yangu. Mimi nilikuwa nimefunga mzigo. Akaniambia, Barasa, fungua hiyo mzigo. Leo tukimaliza ng'ombe ya mwisho naenda kwa Mama Wanjiru naonyesha yeye mikono. Akaniomba nisimame na yeye. Nikasema sawa, dada. Tukaanza kukamua. Sasa ndio tukaona Mama Wanjiru ameingia."

Kichwa changu kilikuwa kimetoka kunyolewa na nilisikia upepo juu yake. Nilimuuliza kwa nini Mama hakusema palepale bandani kwamba alikuwa njiani. Khocha akanitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza, kuanzia miguuni.

"Mtu ameshikwa, akisema nilikuwa nakuja, nani ataamini? Na wewe ulikuwa hapo kwa mlango. Angesema hivyo, ungeonekana umekimbia kumshtaki bure." Akaegemea fimbo yake. "Nilimwambia mara mingi, dada, si uambie mtoto. Akakataa. Alisema, wacha abaki nayo, hiyo ndio ilimfanya mwalimu. Sasa yeye ametangulia, na mimi ni mzee, siwezi kwenda nayo pia."

Niliziona Jumapili zote zile, benchi la tatu, leso, amina. Niliona jioni ya mayai mawili, na mikono yake iliyokawia kwenye maji ya moto, akijitayarisha kwa jambo ambalo mimi nilikuwa nimegeukia ukuta nisilione. Angesema yeye, angepewa kazi ya ndama au kuku, na tungebaki wote wawili kwenye kile chumba. Mzee aliyeongoza kikao akauliza kama nyumba ya marehemu ina jibu, na mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Nilisimama. Kila mtu alingoja nihutubu, maana ndiyo kazi yangu. Nilichoweza ni kumuuliza Khocha walikuwa wamebakiza ng'ombe wangapi asubuhi ile.

"Wawili," akasema. "Na mmoja alikuwa karibu kuisha."